Akaunti ya Vestina Imefungwa

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimefika ofisini Gatsata, kwenye ushirika wa mafundi cherehani ninakofanya ukarani, na viatu vimejaa tope. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, alinipitisha njia ya mkato ambayo si njia wala si mkato. Chai ya tangawizi, kompyuta, kazi.

Mwanachama mpya, fundi wa mashati, kaja kuuliza habari za mfuko wa matibabu. Nimemweleza mara tatu. Bima ya kawaida unayo, endelea nayo. Huu ni mfuko wa ushirika wetu, wa yale ambayo bima hailipi. Kila fundi anajiwekea akiba kwa jina lake. Kwa mwaka kuna ukomo. Chini ya ukomo, akiba yako haikatwi kodi. Ukivuka, mfumo unaifunga akaunti hadi ikaguliwe. Akaniuliza fundi gani wa Gatsata ana pesa za kuvuka ukomo. Tumecheka.

Mchana mfumo umerudia mchezo wake. Mtu akijiwekea mwenyewe, hesabu iko sawa. Akiwekewa na mtu mwingine kutoka simu nyingine, inaandikwa mara mbili: kama zawadi, halafu tena kama akiba. Safari hii ni Mama Zubeda, mwenyekiti wetu, kawekewa na mwanawe aliyeko Mombasa. Nimefuta moja kwa mkono. Ni mara ya tatu tangu Agosti.

Sijamwambia mtu. Ni mimi niliyesimama mkutanoni nikawaambia mafundi thelathini na mmoja kwamba daftari limepitwa na wakati, tununue programu. Walinipigia makofi. Sasa niende kusema programu yenyewe haijui kujumlisha? Hapana. Nafuta kwa mkono, maisha yanaendelea.

Alhamisi, 6 Novemba

Dada yangu Vestina analalamika jicho. Anaona nzi weusi wakielea, na pembeni mmweko kama wa radi. Ana mishanana, yale mavazi ya sherehe, kumi na miwili ya kushona kwa harusi ya Jumamosi, hajalala vizuri wiki nzima. Nimemwambia ni uchovu. Anywe chai, alale.

Alinijibu kwamba mimi kila ugonjwa dawa yake chai.

Jumatatu, 10 Novemba

Haukuwa uchovu.

Jana baada ya misa Vestina kaniambia kuna pazia jeusi linapanda kutoka chini ya jicho. Kasema kwa utulivu kabisa, kama anayesema mboga zimeisha. Leo asubuhi nimempeleka kliniki ya macho. Wamemtia matone, wakamwangalia kwa taa, wakaitana. Daktari ni mwanamke wa makamo, haongei sana. Kasema utando ulioko nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, umebanduka. Katikati bado umeshika. Kabla katikati haijabanduka, upasuaji unaokoa. Ikishabanduka, hata wakipasua, kuona hakurudi kama zamani. Nimeuliza tuna siku ngapi. Hakunidanganya. Kasema wiki hii, na mapema ya wiki ni bora kuliko mwisho wake.

Hili ndilo jicho lake pekee. La kushoto lilikufa tukiwa wakimbizi kambini Ngara, ana miaka kumi na mmoja, kijiti kilimchoma akitafuta kuni. Alikwenda kutafuta kuni kwa sababu mama alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa nalia njaa. Dada yangu amenilea kwa jicho moja. Amenisomesha kwa jicho moja na cherehani ya kukanyaga.

Upasuaji huu bima hailipi pale. Kliniki inataka barua ya dhamana kutoka mfuko wetu, au taslimu. Akiba ya Vestina haifiki hata nusu. Daktari kamwambia asiiname, asibebe kitu, asishone. Nimemleta kwangu Masaka. Amelala chumba cha mbele. Ananiuliza nani atamalizia vifungo vya gauni la bi harusi mwingine.

Jumanne, 11 Novemba

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa hakijatulia.

Saa mbili nimewaambia mafundi. Hakuna aliyeuliza maswali. Mama Zubeda kavua kilemba, kakitandika mezani, na mikono ikaanza kuingia mifukoni. Mimi nikawazuia. Nimewaambia msitoe taslimu. Taslimu tunaijua. Inapita nyumbani kwa mgonjwa, wageni wanakuja, soda zinanunuliwa, nauli zinatoka, mwisho hospitali inapata makombo. Tumeona kwa wagonjwa wawili mwaka huu huu. Nikasema kila mtu achukue simu yake atume moja kwa moja kwenye akaunti ya Vestina ya mfuko. Haitaguswa na mtu. Barua ya dhamana itatoka hapo hapo.

Nilijumlisha kwanza kwenye karatasi. Akiba yake ya mwaka, pamoja na michango yote, iko chini ya ukomo. Si mbali, lakini chini. Nimehakikisha mara mbili.

Wametuma. Simu zinalia tin tin tin chumba kizima. Yule mwanachama mpya naye katuma, hajui hata Vestina ni yupi. Kufika saa sita pesa zimetosha na chenji juu. Nimejifungia stoo ya vitambaa nikalia kwa furaha.

Saa tisa nimefungua ukurasa wa barua. Maandishi mekundu. Mwanachama amevuka ukomo wa mwaka. Akaunti imefungwa.

Mara mbili. Kila mchango umeandikwa mara mbili. Nilikuwa nalijua na sikulikumbuka. Nimejaribu kufuta kwa mkono kama siku zote. Akaunti ikishafungwa mfumo hauniruhusu kufuta chochote.

Mama Zubeda kasimama nyuma yangu. "Pesa si iko hapo ndani? Naiona. Shida iko wapi?"

Jumatano, 12 Novemba

Nimempigia Bwana Eric wa kampuni iliyotuuzia programu. Mara ya nne kapokea. Mtu mpole. Kasema nitume maelezo, watashughulikia ndani ya saa ishirini na nne. Nimetuma. Nimetuma na karatasi ya daktari, nimepigia mstari neno haraka.

Mafundi hawana cha kutoa tena. Walichokuwa nacho kiko mle ndani. Kurudishiwa pia haiwezekani, akaunti iliyofungwa haitoi wala haipokei.

Vestina sijamwambia. Nimesema kliniki inapanga siku. Amekubali. Anasema pazia limepanda kidogo, sasa akitazama mlango haoni miguu ya mtu anayeingia. Ananitambua kwa sura bado. Jioni kaniambia nimekonda, nile.

Alhamisi, 13 Novemba

Bwana Eric kapiga saa nne asubuhi. Kaeleza kwamba maombi ya aina hii yana milango miwili. Mteja akivuka ukomo kweli, faili linakwenda kwa wakaguzi, wanapitia risiti moja moja, maana mambo ya kodi hayachezewi. Likiwa ni kosa la programu, anafungua yeye mwenyewe siku hiyo hiyo. Lakini kosa la programu lazima lithibitishwe, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuripoti kuhesabu mara mbili. Kwa hiyo akaniuliza.

"Mama, ninyi mlishawahi kuliona tatizo hili kabla ya wiki hii?"

Mama Zubeda alikuwa amekaa mbele yangu. Mafundi wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Simu ilikuwa ya sauti, wote wanasikiliza.

Nikasema hapana.

Kasema basi linakwenda kwa wakaguzi, tuvute subira. Nikamshukuru. Nikakata simu. Mama Zubeda akanishika bega akaniambia, "Ihangane," vumilia, na mimi nikafarijiwa kama mtu aliyeonewa.

Ijumaa, 14 Novemba

Kwenye kompyuta: Inahakikiwa. Asubuhi, Inahakikiwa. Mchana, Inahakikiwa.

Kayitare kasema tuuze kipande cha shamba cha chini, kile cha maharage. Mume wangu si mtu wa maneno. Akisema kitu ameshakifikiria siku tatu. Jirani aliyejenga nyumba mpya amekuwa akikitaka tangu mwaka jana. Nimemwambia asubiri, mfumo utafunguka leo. Kaniuliza nina uhakika gani. Nimemkaripia. Nimemwambia yeye kompyuta haijui.

Ningeweza kumpigia Eric nikamwambia ukweli. Neno moja tu. Nilishika simu mara mbili. Kila nikishika nawaona wale wawili mlangoni, na yale makofi ya mkutanoni.

Vestina leo kasema pazia limefika kwenye pua yangu. Anaona macho yangu na paji la uso. Kasema kwa mzaha kwamba angalau mdomo wangu umefichika, nitaongea kidogo.

Jumamosi, 15 Novemba

Ofisi zao hazifunguliwi. Kayitare kaenda kwa jirani bila kuniambia. Jirani yuko Huye msibani, anarudi Jumatano.

Vestina kaniita saa saba mchana. Kasema, "Mdogo wangu, umesimama dirishani?" Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda misa. Nimemwandikia Bwana Eric ujumbe. Nimeandika kwamba nilidanganya, tatizo nimeliona tangu Agosti mara tatu, na picha za skrini ninazo. Nimezituma zote. Ilinichukua dakika tano. Dakika tano tu.

Jumatatu, 17 Novemba

Saa tatu na dakika arobaini akaunti imefunguka. Saa nne barua ya dhamana mkononi. Bwana Eric hakunilaumu. Kaandika mstari mmoja: angeziona picha hizo Alhamisi, akaunti ingefunguka Alhamisi.

Nimeusoma mara nyingi sana.

Kliniki imempokea mchana. Upasuaji kesho asubuhi.

Jumanne, 18 Novemba

Saa mbili kasoro wamemwingiza. Ametoka saa tano, jicho limefungwa, kalala kifudifudi kama walivyoagiza.

Daktari kaniita pembeni. Kazi imefanyika vizuri, utando umerudi mahali pake. Lakini katikati palikuwa pamebanduka. Kwa anavyoona, siku mbili tatu zimepita. Nikamuuliza kama tungekuja Alhamisi. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa.

"Alhamisi tungekuwa na mazungumzo mengine," kasema.

Nimesimama kwenye korido ile hadi muuguzi kaja kuniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Wamefungua bandeji. Mwanga anauona. Kivuli cha mkono ukipita mbele yake anakiona. Vidole vingapi, hajui. Herufi ile kubwa ya ukutani, hajui ukuta uko wapi.

Daktari kasema miezi inaweza kuongeza kidogo. Atatembea mwenyewe nyumbani, hatagonga milango. Kushona hakutarudi.

Vestina kauliza kama anaweza kuoga. Hilo tu ndilo aliloliuliza.

Jumatatu, 24 Novemba

Wageni. Ushirika mzima, kwa zamu. Wameleta ndizi, maziwa, mchele. Wanaulaani mfumo. Mama Zubeda kasema ile kompyuta ichomwe moto. Kila akiilaani ananigeukia mimi kwa huruma. Yule fundi mpya kaniambia niliipigania hadi mwisho. Nilitamani ardhi inimeze.

Mchana Vestina alipapasa kitambaa cha meza, akafuata upindo kwa kidole hadi pembeni. Kasema aliyeshona hapa alikuwa na haraka. Nimekishona mimi. Sikumwambia.

Jumatano, 26 Novemba

Nimemwambia.

Nimemsubiri amalize uji. Kayitare alikuwa shambani. Nimeanzia Agosti. Sikuficha kitu, nimemwambia hata stoo ya vitambaa, hata simu ya Alhamisi. Alikuwa ameushika mto mapajani. Hakunikatisha.

"Akakuuliza, ukasema hapana?"

"Nilisema hapana."

"Kwa nini?"

Nikasema niliona aibu. Huo ndio ukweli.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Kisha kaniuliza viatu vyake viko wapi. Nilipotaka kumshika mkono aliuvuta. Kapapasa ukuta hadi mlangoni, kagonga kizingiti, kaendelea. Katoka barazani akamwita Kayitare kwa sauti hadi kaja. Kamwomba ampeleke kwake Gatsata.

Begi lake nililifunga mimi. Tepu ya kupimia ilikuwa bado kwenye mfuko wa gauni lake, nimeiacha humo humo.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mitaro huku Masaka, mvua imeharibu barabara. Jirani kaniuliza hali ya dada. Nimesema anaendelea.

Nimepiga simu mara tatu. Haipokelewi. Mama Zubeda anashinda naye, kapokea yeye ya nne, kasema Vestina amelala. Nyuma nilimsikia Vestina akiongea.

Alhamisi, 4 Desemba

Kampuni imetuma barua. Kosa limerekebishwa kwa wateja wote. Wanashukuru kwa ushirikiano wetu. Mama Zubeda kanipa nisome kwa sauti mbele ya mafundi, nikaisoma. Kosa la mfumo, ilisema, mahali pawili. Mafundi wakaguna. Nilikunja barua nikaiweka kwenye faili.

Dada hajamwambia mtu. Ingekuwa rahisi kwake. Anakaa na Mama Zubeda kutwa nzima, na hajasema.

Sijui anangoja nini. Nimekosa raha kabisa.

Jumanne, 9 Desemba

Vestina kaja ofisini leo. Mama Zubeda kamleta, kamkalisha, kisha katoka kwenda kupokea kitambaa cha sare. Tukabaki wawili.

Pesa zilizobaki kwenye akaunti yake wanachama wamekataa kurudishiwa. Wanataka achukue. Fomu ya kutoa inahitaji saini. Nimeiweka mbele yake na kalamu. Hajanisalimu. Mimi nimemsalimu, kaitikia kwa kichwa.

"Kwanza isome," kasema. "Yote."

Nimesoma. Jina, namba, kiasi, tarehe ya kufungwa, tarehe ya kufunguliwa. Nikafika penye sababu ya kuchelewa. Nilikuwa nimeshapajaza tangu jana. Nikasoma: kosa la mfumo.

"Hilo ndilo lote?"

Nje walikuwa wanapakua marobota ya kitambaa, wanahesabu. Vestina kangoja. Hakupandisha sauti, hakunigeukia. Mikono yake ilikuwa mezani, imetulia, na jinsi ninavyomjua haijawahi kukaa bure hivyo.

"Andika," kasema. "Mimi sitaweza kuisoma. Wengine watasoma."

Nimechukua kalamu. Baada ya neno mfumo nimeandika: karani alilijua tatizo tangu Agosti, na alipoulizwa alikana. Nimeandika jina langu lote, na saini. Nimemsomea. Fomu hizi zinasomwa mbele ya mkutano, na mkutano ni Ijumaa. Hilo analijua, amekuwa mwanachama kabla yangu.

Kisha kanyoosha mkono. Mwanzoni sikuelewa anataka nini. Nimekishika kidole chake cha shahada nikakiweka mwanzo wa mstari. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Hakuuvuta. Nikampa kalamu, kasaini kubwa, ikapanda juu ya mstari, ikatoka nje ya kisanduku. Kauliza kama imekaa vizuri. Nimesema imekaa.

Kanyanyuka, akasubiri. Nimempa mkono wangu, akaushika juu ya kiwiko. Nimefunga kompyuta na mlango. Tukateremka kwenda kwake polepole. Ngazi za ofisi ni kumi na nne, nimemhesabia moja moja.